Habari za Kiwanda cha Kuyeyusha Betri huko Owino Uhuru, Mombasa

Neno risasi liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Kwa kuwa madini hayo ndiyo yaliyotumiwa kutengenezea vipande vya kupigia bunduki, watu wakaviita vipande hivyo kwa jina la madini yenyewe, hata maana ya pili ikaishinda ya kwanza. Mama aambiwaye leo kwamba mwanawe ana risasi katika damu hufikiri kwanza juu ya bunduki. Utata huu wa neno si jambo kubwa, walakini yafaa kuukumbuka katika habari hizi, maana watu wa Owino Uhuru walikaa na madini hayo kwa miaka mingi kabla ya kuambiwa ni kitu gani.

Owino Uhuru ni mtaa wa maskini ulio upande wa bara wa Mombasa, katika sehemu ya Jomvu, karibu na Mikindani. Jina lake ni la Kijaluo lililounganishwa na neno la Kiswahili, nalo laonyesha jinsi mji wa bandari ulivyowavuta watu kutoka hata pwani za Ziwa. Nyumba zake ni za udongo na mabati, zimesongamana, na wakaazi wake walikadiriwa kuwa 3,000 hivi. Wengi hawakuwa na hati za ardhi waliyoikalia. Upande huu wa bara, kuanzia Changamwe, ndiko viwanda vya Mombasa vilikopelekwa, kwa sababu reli na barabara ya Nairobi zapita huko na bandari ya Kilindini i karibu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka wa 1963. Basi mtu aliyetaka kuweka kiwanda alikwenda huko, na mtu aliyetaka kazi ya kiwandani akajenga kibanda chake huko huko. Na baada ya miaka michache haikuwa rahisi kusema ni nani aliyemfuata mwenziwe.

Karibu na mwaka wa 2007 kampuni moja ilianza kuyeyusha betri kuukuu za magari katika kiwanja kilichopakana na mtaa huo, ukuta kwa ukuta. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Betri huvunjwa, tindikali iliyomo humwagwa, gamba la plastiki hutengwa, na vibao vya risasi hutiwa katika tanuri. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za sentigredi, joto ambalo si kubwa kwa madini. Ndiyo maana hata watu wenye sufuria na makaa huweza kuifanya kazi hii nyuma ya nyumba. Risasi iliyoyeyuka humiminwa katika kalibu ikawa mikuo, nayo mikuo hupelekwa ng'ambo. Kampuni hii ilikuwa na leseni ya kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje, chini ya sheria iliyotungwa mwaka wa 1990 ili kuvuta wenye mitaji na fedha za kigeni.

Katika maelezo ya namna hii mradi ulionekana kuwa mwema. Betri iliyokufa ni takataka yenye sumu. Kuichukua na kuifanya mali ni kazi ya kusifiwa, na neno jipya la urejelezaji, ambalo wataalamu wa mazingira wamelieneza, lina harufu ya usafi ndani yake. Hapo ndipo palipo na mtego. Taka haziondoki duniani kwa kubadilishiwa jina. Hutolewa mahali zilipotawanyika zikakusanywa mahali pamoja, na yule akaaye hapo pamoja hupata fungu la wote. Mwaka wa 2008 jambo hilo lilijulikana wazi katika Afrika, kwani huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi iliyotokana na betri kuukuu. Mtoto hupokea risasi mwilini mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na sehemu kubwa ya hiyo hujificha mifupani. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hapana kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Sheria za Kenya hazikuwa kimya. Yafaa kuzitazama kwa utaratibu, maana mara nyingi habari za Owino Uhuru husimuliwa kana kwamba nchi haikuwa na kanuni, na hilo si kweli. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya mwaka wa 1921, iliyapa mabaraza ya miji wajibu wa kuuweka mji safi na kuzuia kero, na katika kero ilihesabu viwanda vitoavyo harufu au mvuke wenye kudhuru afya. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka wa 1996 ilikwenda mbali zaidi. Ilikataza mtu yeyote kujenga au kubadilisha matumizi ya ardhi ndani ya mipaka ya baraza bila ruhusa ya baraza hilo, na aliyevunja katazo hilo aliweza kutozwa hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miaka mitano, au yote mawili. Kifungu chake cha 36 kilisema kwamba baraza likiona kuwa ombi la kuweka kiwanda, jaa la taka, mtambo wa maji machafu, machimbo au kazi nyingine litaharibu mazingira, mwombaji sharti alete pamoja na ombi lake ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Pamoja na ombi, si baada yake. Tena baraza lilipewa uwezo wa kumpelekea mjenzi asiye na ruhusa amri ya kusimamisha kazi. Kwa hiyo Baraza la Manispaa ya Mombasa lilikuwa na mlango wake lenyewe, wala halikuhitaji kungoja Nairobi ili kuufunga.

Mlango wa pili ulikuwa wa serikali kuu. Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999 ilianzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ijulikanayo kama NEMA, ikaagiza kwamba miradi ya aina zilizoorodheshwa isianze mpaka ipate leseni ya mamlaka hiyo. Kanuni za mwaka wa 2003 zikaeleza njia. Mwenye mradi huleta kwanza ripoti fupi. Mamlaka huipeleka kwa idara zinazohusika, nazo hupewa siku 21 za kutoa maoni. Na katika siku 45 mamlaka huamua ama kutoa leseni ama kudai uchunguzi kamili. Uchunguzi kamili ukidaiwa, ndipo watu wa jirani huingia katika habari: matangazo hubandikwa mahali pa hadhara karibu na kiwanja, gazeti la nchi nzima huchapisha tangazo kwa majuma mawili mfululizo, redio hutangaza kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu hufanywa pamoja na watu watakaoguswa na mradi.

Ni kanuni nzuri, na aliyeziandika alijua kwamba watu wa mitaa kama hii hawasomi magazeti ya Kiingereza. Lakini kanuni hizo zote zategemea jambo moja, nalo ni wakati. Mkutano unaofanywa kabla ya tanuri kujengwa huuliza kama tanuri lijengwe. Mkutano unaofanywa baada ya tanuri kuwashwa huuliza jambo jingine kabisa, yaani nani atalipa mishahara ya wafanyakazi na hasara ya mwenye mali likizimwa. Afisa anayeketi mbele ya faili la mradi uliokwisha kuanza hana tena uhuru ule aliopewa na sheria, ijapokuwa muhuri wake ni ule ule.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mahakama iliyoyachunguza mambo haya baadaye iliona kwamba kiwanda kilianza kazi kabla ya kupata leseni ya mazingira, na kwamba mamlaka iliyopaswa kukizuia ilikipa leseni baada ya hapo. Moshi ulitoka dohanini ukashuka juu ya mabati. Mvua ikayaosha mabati hayo, na maji ya mabati ndiyo watu waliyoyakinga. Maji yenye tindikali yalipita chini ya ukuta yakaingia vichochoroni.

Mwaka wa 2009 kampuni ilimwajiri Phyllis Omido kushughulikia uhusiano wake na jamii, na katika kazi zake za kwanza ilikuwamo kusimamia tathmini ya mazingira. Tathmini hiyo ilionyesha hatari ya kiwanda kukaa karibu na nyumba za watu, naye akashauri kihamishwe. Akaondolewa katika shughuli hiyo. Baadaye mwanawe mchanga akaugua, akalazwa hospitali, na damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi, iliyomfikia kwa maziwa ya mamaye. Watoto watatu wa mtaani wakapimwa vilevile, wote wakaonekana wamezidi kiasi kilichohesabiwa kuwa cha hatari. Ndipo alipoacha kazi na kuanzisha shirika la kutetea haki na mazingira.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya barua, ziara za maofisa na maandamano. Mwaka wa 2012 Omido na wenzake 16 walikamatwa wakashtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikawaachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, baada ya kazi ya miaka saba hivi. Mwaka uliofuata Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na jina la Owino Uhuru likajulikana California kabla ya kujulikana vizuri katika sehemu nyingine za Mombasa yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 uliwalinganisha watoto wa mtaa huo, wa umri usiofika miaka mitano, na watoto wa mtaa mwingine wa maskini wa Mombasa uitwao Bangladesh. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa maradufu ya ule wa wenzao. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, lakini udongo ulikuwa ule ule waliouchezea.

Kesi ilifunguliwa mwaka wa 2016 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, ikitegemea Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kimpacho kila mtu haki ya mazingira safi. Hukumu ilitolewa tarehe 16 Julai 2020 na Jaji Anne Omollo. Wakaazi walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na wenye hatia wakaamriwa kuusafisha udongo na maji katika muda wa miezi minne, ama sivyo watoe shilingi milioni 700 zaidi kwa kazi hiyo.

Mgawanyo wa fidia wastahili kutazamwa kwa makini na mwanafunzi wa historia ya serikali za miji. Kampuni yenye tanuri ilibebeshwa asilimia 25, na mwenye kiwanja kilichokodishwa asilimia 5. Zilizobaki, yaani asilimia 70, ziliangukia serikali: NEMA 40, Wizara ya Mazingira 10, Wizara ya Afya 10, na mamlaka ya viwanda vya bidhaa za nje 10. Kwa hesabu hiyo aliyetia muhuri alidaiwa shilingi milioni 520, na aliyewasha moto milioni 325. Si kawaida kuona mkaguzi akilaumiwa kuliko mkaguliwa, na hoja yake ni nzito: mfanyabiashara hutafuta faida, na hilo lajulikana, mkaguzi amewekwa kwa ajili ya hilo hilo.

Lakini katika hesabu hiyo serikali ya mji haimo. Kaunti ya Mombasa, iliyorithi kazi za Baraza la Manispaa mwaka wa 2013, haikupewa hata sehemu moja. Twaeni sheria ya 1996 na ile ya 1921 mkaziweke kando ya mgawanyo huo, mtaona kwamba mlinzi wa mlango wa kwanza aliondoka bila deni. Huenda sababu ni kwamba tangu mwaka wa 1999 neno mazingira lilihamia Nairobi, na mabaraza ya miji yakazoea kuiona hatari ya kiwanda kuwa kazi ya wengine, yakabaki na ramani, ada na leseni za biashara. Sheria ya zamani haikufutwa siku hiyo; iliachwa tu kutumiwa. Afisa wa afya wa manispaa angeweza kufika ukutani kwa miguu, na bado faili lililoamua mambo lilikuwa mbali.

Mwezi wa Juni 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia ili ihesabiwe upya, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile bilioni 1.3. Sheria ya 1996 ilikuwa imekwisha kubadilishwa na nyingine mwaka wa 2019, nayo ruhusa ya kujenga imebaki mikononi mwa kaunti. Tangu kufunguliwa kwa kesi hadi uamuzi huo wa mwisho juu ya fidia ilipita miaka minane, mmoja zaidi kuliko ile ambayo tanuri lenyewe liliwaka. Na siku ambazo kanuni ziliwapa wakaguzi kuamua kama liwashwe zilikuwa 45.