Kusoma kimya: Kiingereza, muji wetu na saa moja ya mtihani



Hapa Naviundu vijana wenye licence wanajizoeza Kiingereza kila jioni, kama umeme iko. Wanatafuta masta inje, na vyuo vingi vinaomba IELTS ama TOEFL. Nikiwasikiliza, hawalalamikii sana kuongea. Wanalalamikia kusoma: teksti ndefu, maswali mingi, saa inakimbia.

Kiingereza hakikuingia Lubumbashi jana. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, Rhodesia. Ile ya kwenda Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilimalizika 1928 tu. Miaka 18 yote hiyo mashini, barua na wafanyakazi wengi wa migodi walipitia kwa Waingereza, na hata pesa za Kiingereza zilitembea madukani. Wabelgiji waliogopa Katanga isije ikawa ya wengine. Kifaransa kikashika ofisi, Kiswahili kikashika kambi na kazi, Kiingereza kikatubakilia maneno kidogo mdomoni. Mukubwa anayesema «motokari» anasema Kiingereza bila kujua.

Mitihani nayo ilibadilika. Cambridge ilipoanza mtihani wake wa Kiingereza kwa wageni, 1913, walikuja watu 3, na wote 3 wakaanguka! Ulichukua karibu saa 12: kutafsiri Kifaransa ama Kijerumani, insha, kuandika yanayotajwa, kusoma kwa sauti. Mimi naona sisi wa Kifaransa tungepata pa kushikilia. Lakini kule Kansas, Marekani, karibu na 1915, Frederick Kelly alitoa mtihani wa kusoma kimya: dakika chache, jibu moja tu la kukubalika, musahihishaji hana la kubishana. Mbinu hiyo njo tuliikuta kwa Examen d'État, inayofanywa tangu 1967.

Kusoma kimya si desturi ya kila mutu katika muji huu. Mwaka 1965 watu waliokuwa maboyi wa wazungu walitoa historia ya Élisabethville, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili chetu cha hapa. Maneno hayakukatwa sawa na kwa buku za masomo. Ukiisoma kwa macho tu unapotea. Ukiisoma kwa sauti, sikio linakuonyesha maana.

Sasa IELTS ya vyuo inakupa teksti 3, maswali 40, saa 1. Swali linalotesa wengi liko na majibu matatu: kweli, si kweli, haikusemwa. Hili la tatu njo shida yetu sisi wa kilimo. Tuseme teksti inaeleza kwamba wakulima wa bonde fulani walipanda maharage nyuma ya mahindi, na mwaka uliofuata mavuno yakapanda. Swali linasema: maharage yaliongeza azoti katika udongo. Mutu wa kilimo anafurahi, anaweka «kweli», juu ya kitu hicho alikisoma miaka mingi. Anakosa. Teksti haikutaja azoti hata mara moja. Jibu ni «haikusemwa».

Kwa masomo yetu mwanafunzi aliyeongeza yale anayojua njo alisifiwa. Mtihani huu unataka uache ujuzi wako mulangoni, kama viatu. Sisemi ni haki. Lakini mutu anayefikiri ameanguka kwa kukosa akili, ama kwa Kiingereza kibaya, atajaza daftari na maneno mapya miezi sita na kuanguka tena palepale.

Kwa hiyo anayejizoeza achague kwanza teksti za mambo anayoyajua sana: udongo, mahindi, wadudu. Dakika 20 kwa kila moja, saa mezani. Kwa kila jibu aweke kidole kwa mustari unaolisema. Kidole kikikosa pa kutua, aandike «haikusemwa», hata kama anajua jambo lenyewe ni kweli kabisa.