Macho Kabla ya Mkono

Mjomba wangu hakuingia skuli hata siku moja, lakini barazani kwetu Bububu, Zanzibar, hakuna aliyekaa mbele yake akaondoka anacheka. Alilitazama bao kimya, mkono haujagusa kete, kisha akasema: "Hii itakwenda kulala kichwani." Na ikalala kichwani, shimo la ukingoni mwa mstari wa mbele.

Mwaka 1905, gari moshi lilipoanza kwenda Bububu kutoka mjini, kule Paris Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili. Walitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani. Waliokuja baadaye wakakigeuza nambari moja ya kumpiga mtu muhuri. Kwa nambari hiyo, mjomba angeandikwa mjinga.

Waholanzi walishika njia nyingine. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Adriaan de Groot alieleza fikra za wachezaji wa sataranji, baada ya kuwataka wafikiri kwa sauti. Miaka mingi baadaye Alexander de Voogt akawafuata mafundi wa bao wa Zanzibar. Tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leiden, 1995, ilihusu ukomo wa akili. Bao lilifaa kwa hilo: mashimo 32, kete 64, na mtaji mmoja, yaani zamu ya kula, waweza kula, kuzunguka na kula tena, ukibadilisha kila shimo unalopita. Fundi huuona mwisho wake kabla haujaanza.

Mjomba hakuijua tasnifu hiyo. Nilipokurupuka kucheza, alinishika kiganja tu: "Mwanangu, macho yatangulie mkono."