Dari na Tofali: Kinga ya Baridi na Joto Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ziko katika nyanda za juu zenye usiku wa baridi, tofauti na Pwani ambako kero kuu ni joto. Nyasi nene za nyumba za msonge zilikinga hali zote mbili. Bati hudumu zaidi na halishiki moto, lakini bila dari nyumba hupata joto kali mchana na hupoa haraka usiku. Hewa iliyo kati ya dari na bati hupunguza kero hiyo.

Kwa upande wa kuta, tofali za kuchoma huteketeza kuni nyingi. Tofali za kufungamana za udongo na saruji hazichomwi, hupunguza ukataji wa miti na huhitaji saruji kidogo wakati wa kujenga. Mwananchi anayepanga ujenzi anashauriwa kuingiza gharama za dari katika makadirio ya awali.