Nakshi Huanzia kwa Mhunzi

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Tanga kwenda Mombasa hupita Horohoro, penye mpaka wa Tanzania na Kenya. Mpaka huo umewakuta wenyeji wake. Asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, waliochora mstari kuanzia mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Viktoria. Wadigo wakajikuta wamegawanyika, hawa huku na hawa kule. Lakini ufundi haukugawanyika. Kutoka Lamu hadi Bagamoyo na Unguja, mlango wa nakshi ulibaki urithi wa pwani nzima.

Milango hiyo imesifiwa sana, na ni haki yake. Aghalabu sifa humwendea mchongaji, na pengine tajiri aliyejenga nyumba. Yuko mtu wa tatu asiyetajwa, naye ni mhunzi aliyefua patasi. Insha hii yakusudia kumkumbuka.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Milango mingi ya kale ilikuwa na kizingiti cha juu kilichonyooka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, zama za akina Sayyid Barghash aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, ilizidi milango yenye tao, kwa athari ya ufundi wa Kihindi. Hapo kazi ya ukingo ikawa ngumu zaidi. Ukingo ulionyooka waweza kupigwa randa toka mwanzo hadi mwisho. Tao halikubali, kwa kuwa tumbo la randa limenyooka na mbao imepinda. Tena nyuzi za mti hubadili mwelekeo kadiri tao linavyozunguka, na chombo kisicho na umbo lake hung'oa mbao badala ya kuikata. Kwa hiyo mchongaji huhitaji patasi, juba, na bobari za mipindo mbalimbali. Na mpindo alioubuni fundi mwenyewe hauuzwi dukani. Hauna budi kuagizwa.

Mchongaji humpelekea mhunzi kigezo. Mhunzi hukipasha chuma moto, mivukuto ikivuma, akakifua juu ya fuawe hadi kikikaribie kigezo. Kisha hukiacha kipoe polepole kilainike, akakimaliza kwa tupa. Ndipo hukitia matiko: hukipasha hadi kiwe chekundu, akakizamisha katika maji au mafuta. Sasa ni kigumu, lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Hukisugua king'ae, akakipasha tena taratibu huku akitazama rangi. Kwanza huja manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na mwisho buluu. Chombo cha kuchongea mbao hukomeshwa kwenye manjano au kahawia. Kikipita hapo makali hulainika. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tupa haikati chuma kilichokwisha kutiwa matiko, na kosa la umbo hurekebishwa kabla.

Imo na hesabu humu, ambayo walimu waweza kuiandika ubaoni. Kisu cha randa hakisimami wima. Hulala, tuseme kwa nyuzi 45. Basi ukingo wenye kina cha milimita 10 wahitaji kisu chenye umbo la kina cha milimita 14 hivi, ingawa upana haubadiliki. Mtu akinakili umbo la ukingo juu ya chuma vivi hivi, mbao itatoka na nakshi bapa.

Uhunzi si jambo la jana kwetu. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 BK, kiitwacho Periplus, chataja bandari ya Rhapta katika pwani hii, na mikuki iliyotengenezwa Muza, huko Yemen, makusudi kwa biashara hiyo, pamoja na mashoka na vyombo vya kutobolea. Barani nako, ukoo wa Washana wa Upare ulijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma. Na huko Buhaya, utafiti uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kuwa wenyeji walijua kutengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Siku hizi mhunzi hutumia springi kuukuu za magari, na kiwanda cha seremala huwa na mashine inayozungusha visu maelfu ya mara kwa dakika. Hata hivyo, ukingo usio wa kawaida bado wahitaji kisu cha kuagizwa. Tena visu vya mashine havina budi kulingana uzito, la sivyo mhimili hutetemeka, na kisu kilichofungwa vibaya chaweza kuruka na kuua.

Katika utumishi wangu nilipata kuona mlango mkuukuu uliovunjika ukingo wa tao. Ukanunuliwa ukingo uliokuwa tayari, ukakatwa vipande vipande na kupigiliwa misumari. Kwa mbali palionekana pamepona. Ukisogea, mfereji wa kale ulikuwa wa kina na mpya bapa, na pale vilipokutana mstari ulikatika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Haikuwapo bobari ya mpindo ule, wala hakuwapo aliyefikiri kuiagiza.

Ndivyo urithi uondokavyo, kipande kwa kipande. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo haichongi mbao. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 ili ufundi kama huu upate kukua. Nanyi walimu, mnapowapeleka wanafunzi kutazama milango, wapelekeni pia kwa mhunzi. Waone kigezo kikigeuka chuma, na wapewe tupa waijaribu mikononi mwao.