Nyumba ya Watu Wote: Historia ya Kula Nje Kwetu Bunia

Wale wanaofuata mpira wa Uingereza wamekwisha kusikia neno «pub». Ni neno lililokatwa. Kwa urefu wake ni «public house», maana yake nyumba ya watu wote. Katika kijiji cha Kiingereza nyumba hiyo ina kibao chenye picha mlangoni. Ndani kuna moto wa kuni na bia ya pipa, na siku ya Mungu watu wanakula nyama ya ng'ombe iliyochomwa pamoja na viazi. Sisi huku Bunia tuna nganda na malewa. Kwa sura hazifanani na pub hata kidogo. Lakini kuna swali moja linalozigusa zote: hao «watu wote» ni nani? Nani anakaa mezani, na nani anabaki nje? Tukiifuata historia ya kula nje katika Ituri yetu, tutaona kwamba ni historia ya milango kuliko historia ya sahani.

Zamani chakula hakikuuzwa

Kwa wazee wetu, chakula kilichopikwa hakikuwa kitu cha soko. Mgeni akifika kijijini alikaribishwa kwenye barza, wanawake wakaleta chakula, na wanaume wakala pamoja kwenye chombo kimoja. Pombe nayo ilikuwa na kazi yake: kuwashukuru waliosaidia kulima shamba, kufunga ndoa, kumaliza kilio, kupatanisha waliogombana. Mwenyeji alionja kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Katika maisha ya namna hiyo, mtu anayelipa ili apate kula alihesabiwa kama mtu asiye na ndugu.

Ni zahabu iliyoanza kugeuza mambo. Ilivumbuliwa huko Kilo mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kompanyi ya Kilo-Moto. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wengi bila wake zao. Kompanyi iligawa posho, yaani chakula cha juma. Jambo hilo liliingia sana katika maisha ya watu, hata katika Kilingala «mposo» ni juma lenyewe. Lakini posho ni chakula kibichi, na mtu aliyetoka kuchimba tangu asubuhi hana nguvu ya kutwanga na kupika. Hapo mwanamke mwenye chungu chake kando ya kambi alipata wateja. Basi, kula nje kwetu hakukuanza kwa raha. Kulianza kwa uchovu na upweke.

Meza za Wazungu

Wazungu nao walikuwa na meza zao. Msafiri aliyetoka upande wa Waingereza alipita Masindi, ambako kuna hoteli iliyojengwa mwaka 1923, akashuka mpaka bandari ya Butiaba, akavuka Ziwa Albert kwa meli mpaka Kasenyi, kisha akapanda mlima kuja Bunia na Irumu. Akiendelea na barabara ya Kisangani, aliingia msituni na kufika Epulu. Huko Mmarekani Patrick Putnam alikuwa ameweka kambi yake katika miaka ya 1930: dawa kwa wagonjwa, vyumba na chakula kwa wasafiri. Aliishi huko mpaka kifo chake mwaka 1953. Kusini ya Bunia kulikuwa na auberge ya Mont-Hoyo, karibu na mapango na maporomoko ya maji. Kama tunatafuta katika Ituri ndugu ya ile pub ya kijijini, ni hizi: nyumba za barabarani, mbali na mji, zenye kitanda na meza ya jioni.

Lakini Mwafrika aliingia mara nyingi kwa mlango wa jikoni, kama boyi au kama mpishi. Miji ya Kongo ya Wabeleji ilikuwa na mtaa wa Wazungu na site ya Weusi, na usiku ilibidi kila mtu awe amerudi kwake. Pombe kali ilikatazwa kwa wenyeji tangu mapatano ya Brussels ya mwaka 1890. Hata walioitwa évolués, waliopewa kadi ya «mérite civique» tangu mwaka 1948, hawakufunguliwa kila mlango. Mtu alijua kupika supu ya hoteli kwa ustadi mkubwa, asipate kamwe kuketi nayo mezani.

Tusifikiri kwamba kwa Waingereza wenyewe mlango ulikuwa wazi. Zamani kule waliopika bia ni wanawake, nyumbani mwao, sawasawa na mama zetu. Mwaka 1577 serikali ilipohesabu nyumba za bia ilikuta zaidi ya 14,000. Polepole kazi ikageuka biashara kubwa na ikapita mikononi mwa wanaume. Mwaka 1830 sheria iliruhusu mwenye nyumba anayelipa kodi auze bia kwake kwa leseni ndogo, na nyumba za bia zikaota kama uyoga. Lakini Mweusi? Learie Constantine, mcheza kriketi mashuhuri kutoka Trinidad, alikataliwa katika hoteli moja ya London mwaka 1943, akashitaki, akashinda mwaka 1944. Ilibidi kungoja mwaka 1965 ndipo sheria ikataze kumfukuza mtu katika pub kwa sababu ya rangi yake. Na mwanamke? Mpaka mwaka 1982 baa moja ya London, El Vino, ilikataa kuwahudumia wanawake waliosimama kaunta pamoja na wanaume. Ni mahakama iliyoimaliza desturi hiyo. Jina «nyumba ya watu wote» lilitangulia. Watu wote walikuja nyuma, mmoja mmoja, wakigonga.

Nganda, nyumba ya mama

Neno nganda limetoka katika Kilingala. Kwanza lilikuwa kambi ya wavuvi kando ya mto, mahali pa kukausha samaki. Baadaye likawa jina la nyumba ambamo mama anauza chakula na kinywaji uani kwake. Mwaka 1973, wakati wa Zaïrianisation, maduka na biashara za wageni zilitwaliwa na kupewa wananchi, na nyingi zilikufa. Mishahara ikapotea nguvu. Familia nyingi ziliponea kwa mama. Viti vichache, meko ya makala, mbuzi wa kuchoma, samaki wa Kasenyi au Tchomia, bugali, sombe, makemba, pilipili pembeni, na chupa ya Primus kwa mwenye feza. Asiye na feza alitafuta mandale kwingine. Feza ya jioni ililipa minerval ya watoto asubuhi.

Na hao mama walifanya kazi chini ya sheria nzito. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 ilitaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria, kama vile kuandika mkataba. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Kwa hiyo kwa karibu miaka 30 nyumba iliyolisha mtaa iliweza kuwa ya mama kwa jasho, na ya baba kwa karatasi. Watu walisema: «Tunaenda kwa mama fulani.» Hawakusema kwa baba.

Wakati mlango ulipofungwa tena

Kisha ikaja vita. Ilianza Djugu mwaka 1999. Agosti 2002, na tena Machi na Mei 2003, masasi yalilia ndani ya Bunia yenyewe. Waliokufa katika Ituri wanakadiriwa kupita 50,000. Mji uligawanyika, mtaa huu wa hawa, mtaa ule wa wale. Watu waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kuulizana lugha. Hofu ya sumu, ile iliyomfanya mwenyeji wa zamani aonje kwanza, ilirudi kwa nguvu. Ukitazama vizuri, desturi ya kufungua chupa mbele ya macho ya mnywaji ni mtoto wa desturi ile ya barza. Kila kizibo kinachofunguliwa mezani kinasema: mimi si adui yako.

Juni 2003 vikosi vya Artemis vilifika, na baada yao MONUC na mashirika yalizidi kuwa mengi. Mikahawa ya kuhesabu kwa dola ikatokea. Mlango mwingine ukasimama, mlango wa bei. Haukuandika «Weusi hapana», lakini mwalimu mwenye mshahara wake alijua kusoma. Wakati huohuo, katika nganda za kawaida, watu walirudi kukaa pamoja kidogo kidogo. Kwanza walirudi kwa sababu ya biashara, kisha kwa sababu ya mpira kwenye televisheni, mwisho kwa sababu ya kuzoeana. Hakuna mkutano wa amani ulioandika jambo hilo. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliweka ndoo za maji mlangoni. Machi 2020 Kinshasa na London zilifunga baa zao kwa siku karibu zilezile, kwa ajili ya Korona. Na milango ikafunguka tena.

Tubaki na nini?

Hatusifu ulevi hapa. Kaikpo imeharibu nyumba nyingi, na kila mtu mtaani kwake anajua zipi. Tunasifu meza. Huko Uingereza pub za vijijini zinafungwa kila mwaka, na sheria ya mwaka 2011 iliwapa wanakijiji nafasi ya kujipanga wainunue nyumba yao kabla haijauzwa kwa mwingine. Wamejua kwamba ikifungwa, hawapotezi bia. Bia inauzwa kila duka. Wanapoteza mahali pa kukutana na mtu ambaye hukumwalika.

Sisi tuna deni la namna hiyohiyo. Kwanza, tuandike majina ya wale mama waliofungua nganda za kwanza katika mitaa yetu, na mapishi yao, wangali wanaweza kutusimulia. Pili, tushike ile sheria ambayo haijaandikwa popote: mtu akiketi, anaulizwa anataka kula nini. Kabila lake haliulizwi. Bunia imekwisha kuona inavyokuwa swali la pili linapotangulia la kwanza.