Mashua za kuchezea zilivyogeuka hazina ya wakusanyaji

MASHUA ndogo ya matanga iliyonunuliwa dukani kwa ajili ya mtoto nchini Uingereza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, leo hutunzwa katika kabati la kioo na kushindaniwa mnadani. Hata hivyo, kosa moja la mwenye kuimiliki, nalo ni kuipaka rangi upya, laweza kuipotezea sehemu kubwa ya thamani hiyo.

Mchezo huu ulishamiri katika karne ya 19 kwenye mabwawa ya bustani za miji ya Ulaya. Bwawa mashuhuri zaidi ni Round Pond, lililochimbwa mwaka wa 1730 katika Kensington Gardens, jijini London. Jijini Paris, watoto wangali wanakodi mashua za matanga katika Bustani ya Luxembourg na kuzisukuma kwa kijiti kutoka ukingoni.

Wakusanyaji hutofautisha aina mbili. Mashua ya kuchezea ni ndogo, na mara nyingi bodi yake ilichongwa kutoka pande moja la mti. Ile ya mashindano ni kubwa, na aghalabu iliundwa kwa mbao zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka kisha zikachongwa ndani ili iwe nyepesi. Daraja la Marblehead, lililopewa jina la mji wa Massachusetts, Marekani, lilikuwa na mashua za urefu wa inchi 50, yaani sentimita 127.

Miongoni mwa mashua za dukani, zinazotambulika haraka ni za Star Yachts, zilizoundwa Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Sitaha yake ilipigwa chapa yenye maneno ya kumhakikishia mnunuzi kwamba chombo kitasafiri. Ahadi hiyo haikuwa ndogo, kwani mashua nyingi za bei rahisi zililala ubavu pindi zilipoguswa na upepo.

Kabla ya mitambo ya redio, mashua ikishaondoka ukingoni haikuwa na nahodha. Mwanzoni mwa karne ya 20, George Braine alibuni njia ya kuunganisha kamba za tanga na usukani, ili nguvu ya upepo yenyewe irekebishe mwendo. Katika miaka ya 1930 kilienea kibao kidogo kilichofuata upepo na kugeuza usukani. Vifaa hivyo humsaidia mkusanyaji kukadiria umri wa chombo.

Baada ya vita, plastiki ilichukua nafasi ya mti. Lines Bros, waliouza bidhaa zao kwa jina la Tri-ang, walifilisika mwaka wa 1971.

Leo mnunuzi hana budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa mashua mpya za kupambia nyumba hukwaruzwa makusudi zionekane kuukuu. Uchakavu wa kweli hupatikana pale mkono wa mtoto ulipokuwa ukishika, na pale omo ilipogonga ukingo wa bwawa. Mapambo mengi hayana uzito wa risasi kwenye mkuku, hivyo hayawezi kusimama majini.

Kwa hiyo, vanishi iliyopasuka na matanga yaliyofifia yasiguswe. Vumbi lipanguswe taratibu kwa kitambaa kikavu. Alama hizo ndizo ushahidi wa pekee kwamba chombo kiliwahi kusafiri.