Kete Zisizotazamana: Mizani ya Vita katika Matoleo ya Bao

Wachezaji wawili wa bao wasiofahamiana wakikutana, kuna jambo la kukubaliana kabla hata kete moja haijashikwa: leo tunacheza bao lipi? Kisarawe, ambako ni Uzaramo wa tangu na tangu, mtu anaweza kukua bila kuulizwa swali hilo. Bao ni lile la kijiwe cha babu yake, basi. Lakini ukivuka wilaya ukaingia Kibaha, mambo hubadilika. Huo ni mji uliokua kando ya barabara ya Morogoro, na watu wake wametoka kila upande wa nchi. Pale Maili Moja, Msukuma aliyelelewa na isolo anaweza kukaa ubao mmoja na mtu wa pwani, wote wakatazama mashimo 32 na kete 64, na kila mmoja akawa anaona vita tofauti kabisa.

Wapenzi wa michezo ya mezani huko Marekani wana neno kwa tofauti za namna hii. Wanaziita matoleo, na hubishana usiku kucha kuhusu toleo lipi lina mizani. Nataka tuazime swali lao tulipeleke kwenye bao, maana nadhani bao lilishalijibu.

Tuanze na matoleo mawili ambayo mtu wa pwani anayajua. La kwanza ni bao la kujifunza. Kila shimo linawekwa kete mbili, ubao mzima unajaa, mkononi hakubaki kitu, na vita inaanza papo hapo. Kwa macho ni haki tupu: wewe una 32, mimi nina 32, zimegawanywa sawasawa. Lakini hebu hesabu hatua ya kwanza. Anayeanza anachukua kete mbili za shimo la mbele, anazimwaga, ya mwisho inaangukia kwenye shimo lenye kete, na shimo la mwenzake linalolitazama nalo lina kete. Ameshakula! Mwenzake hajagusa ubao, na tayari ana pengo.

La pili ni bao la Kiswahili. Hapa ubaoni zinaanza kete 20 tu. Kila mchezaji anaweka sita kwenye nyumba, lile shimo kuu la safu ya mbele, kisha mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Ishirini na mbili zinabaki mkononi. Sasa angalia jambo moja ambalo wengi tunalipita. Nyumba ya kila mmoja ni shimo la nne kutoka kulia kwake, na kwa kuwa wachezaji wanaelekeana, kulia kwangu ni kushoto kwako. Matokeo yake, kete zangu za mwanzo hazitazamani na zako hata shimo moja. Kila shimo langu lenye kete linatazama shimo tupu. Anayeanza hawezi kula. Atake asitake, hatua ya kwanza atatakata.

Hiyo ndiyo mizani, na haikuletwa kwa kugawa sawa. Imeletwa kwa mpangilio unaomnyima anayeanza pigo la bure.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Katika hatua ya namua, ambapo kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, nyumba inaweza kuvimba ikawa hazina. Ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikaangukia humo, una uamuzi: ulale hapo uilinde, au usafiri, uimwage yote ubaoni na uipoteze kama nyumba. Lakini hazina hiyo iko safu ya mbele, mahali pa kuliwa. Kadiri unavyojilimbikizia, ndivyo unavyompa adui sababu ya kuja. Kete za mkononi zikiisha, mnaingia mtaji, mnacheza kwa zile za ubaoni tu, na hapo akiba ya mtu ndipo inapojulikana kama ilikuwa akili au ulafi.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu wanakaa mezani, kila mmoja anaigiza mhusika, na dadu zinaamua vita. Katika toleo hilo la kwanza mpiganaji na mchawi hawakulingana hata kidogo. Mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja kwa siku. Akiutumia umekwisha kichwani, wazo ambalo Gygax alilitoa kwenye hadithi za Jack Vance. Mchawi huyo alikuwa dhaifu, pigo moja chali. Akifika ngazi ya 5, anarusha mpira wa moto wenye dadu tano na kufagia kundi zima. Mpiganaji wa ngazi hiyo bado anapiga upanga wake ule ule.

Je, mizani ilikosekana? Mimi naona ilikuwepo, ila ilikuwa imewekwa ndani ya muda. Mpiganaji alihitaji alama 2,000 za uzoefu kufika ngazi ya pili, mchawi 2,500. Nguvu za baadaye zililipiwa kwa hofu ya mwanzo, na wengi walikufa kabla ya kuvuna. Ni kama namua na mtaji: anza na kidogo, vumilia, halafu tuone.

Mwaka 2000 likaja toleo la tatu, chini ya Wizards of the Coast. Walisawazisha jedwali, wahusika wote wakapanda ngazi kwa alama zile zile, 1,000 kufika ya pili. Kwa macho ni haki, sivyo? Lakini bei ya mchawi ilifutwa huku nguvu zake zikibaki, na malalamiko ya wenye kupenda mpiganaji yakawa wimbo. Toleo la nne la mwaka 2008 likaenda upande wa pili: kila aina ya mhusika ikapewa mbinu za kutumia wakati wowote, za mara moja kwa pigano, na za mara moja kwa siku. Mizani ikapatikana, na wengi wakalalamika kwamba mchawi na mpiganaji sasa wanafanana kama sare za shule. Toleo la tano la 2014 likarudi nyuma kutafuta ladha ya zamani.

Somo ninalolipata ni hili: kugawa sawa ni jambo moja, mizani ni jambo jingine. Bao la kujifunza linagawa sawa. Bao la Kiswahili lina mizani.

Kuna tofauti moja, na ndiyo inayonikosesha raha. Mmarekani akilichoka toleo la 2008, anatoa rafuni kitabu cha 1974 na kucheza. Matoleo yake hayafi. Bao letu, mchezo ambao Mwalimu Nyerere mwenyewe aliupenda, linaishi midomoni na vidoleni. Kitabu cha Alexander de Voogt kuhusu mabingwa wa Zanzibar kilitoka mwaka 1995, kwa Kiingereza. Kijana wa Kibaha mwenye nusu saa kabla ya daladala atachagua la kujifunza, kwa sababu linaelezeka kwa dakika tano. Sheria ya kutakasia, inayomfungia mtu shimo linalotishiwa asilikimbize, haielezeki kwa dakika tano. Inataka mzee, inataka kubishana, inataka kufungwa mara nyingi.

Jina lenyewe linasema: la kujifunza. Maana yake kuna unakoelekea. Tukibaki hapo, tutakuwa tumerithi ngazi bila dari.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda Kisarawe Jumamosi usiende na simu ya kupiga picha tu. Nenda na daftari. Muulize mzee nyumba ya pale kijiweni kwao inasafiri lini, na kutakasia kunaondoka lini. Andika kama alivyosema, na kijiji, na mwaka. Wa kijiwe cha pili akikwambia mwenzake kakosea, usisuluhishe. Andika na hilo. Hapo tutakuwa na matoleo ya kwetu.